Jukwaa ninalouzia linaning'ang'aniza mkopo ambao sijauomba. Hii pesa ni ya nani?

#1 Mchuuzi wa Usiku

Wakuu, salaam. Nauza mabegi mtandaoni, duka langu liko ndani ya jukwaa moja kubwa (jina nabaki nalo). Siku hizi kila nikifungua dashibodi nakutana na bango: "Umeshaidhinishwa." Sijaomba, sijapeleka hati wala dhamana, hakuna aliyenipigia simu. Nabonyeza tu, kesho pesa imeingia, halafu wanajikatia wenyewe kwenye mauzo ya kila siku.

Jukwaa hilohilo ndilo linalopokea malipo ya kadi ya wateja wangu. Linanishawishi nifungue akaunti ya biashara kwao, nichukue na kadi yao. Mteja naye akifika kulipa anawekewa "lipa kwa awamu nne" na kisanduku cha bima ya mzigo.

Hawa wana leseni ya benki? Na wananiamini kwa lipi, wakati benki yangu ilinizungusha mpaka nikakata tamaa? Wajuvi karibuni.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Kalamu mkononi.

#3 Fundi Leja

Mara nyingi jukwaa si benki, mkuu. Weka tabaka tatu kichwani. Chini kabisa kuna benki yenye leseni, ambayo ndiyo inayoruhusiwa kushika amana na mara nyingi ndiyo inayotoa mikopo. Katikati kuna kampuni ya teknolojia inayounganisha mifumo. Juu ndiyo hilo jukwaa lako, lenye nembo unayoiona. Unadhani unashughulika na mmoja kumbe wako watatu, na kila mmoja ana chake anachokata.

Mifano iko wazi. Shopify Payments, huduma ya malipo ya jukwaa la maduka la Shopify, ilipoanza 2013 ilijengwa juu ya Stripe, kampuni ya kuchakata malipo. PayPal Working Capital, mtaji wa PayPal kwa wauzaji, nayo ya 2013, mkopo wake kwa Marekani unatolewa na WebBank, benki ya Utah ambayo wauzaji wengi hawajawahi kuisikia. Wapo pia walioamua kumiliki benki yao wenyewe: Square, wanaowapokelea wafanyabiashara malipo ya kadi, walianza kuwapa mtaji 2014, na 2021 wakafungua benki yao. Huko China kundi la Ant, wenye mfumo wa malipo wa Alipay, lina MYbank tangu 2015.

Kuhusu kukuamini, wewe hukuomba kwa sababu ombi lako limeshajijaza. Wanaona mauzo yako ya kila siku, mizigo iliyorudishwa, wateja wanaorudi kununua tena, malalamiko, hata miezi unayolegea. Benki yako inaona kinachoingia na kutoka kwenye akaunti tu.

#4 Bi Mizania

Fundi, tabaka tatu nakubali. Hiyo ya "wanakujua" ndiyo siinunui. Benki ikitaka data itakuomba taarifa za mwaka mzima na utaipa. Isichokuwa nacho ni mkono kwenye mfereji. Jukwaa linapokea pesa ya mteja wako kabla yako, linakata chake, ndipo linakupa kilichobaki. Huwezi kuchelewesha rejesho hata ukitaka. Mtu mwenye nafasi hiyo anaweza kumkopesha hata asiyemfahamu vizuri.

#5 Mzee wa Kadi

Nyote mko upande wa mkopaji. Tazameni upande wa gharama. Benki ikitaka kumpata mkopaji mdogo inalipia matangazo, ofisi, afisa mikopo na karatasi. Mkopo ukiwa mdogo, gharama hizo zinameza faida yote. Jukwaa lina bango kwenye ukurasa ambao muuzaji anaufungua kila asubuhi kwa hiari yake. Kumpata mteja kunawagharimu karibu na bure.

Na hiyo kadi wanayokupigia debe si zawadi. Kila ukiichanja, duka unalonunua linalipa ada, na sehemu ya ada hiyo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi, kisha benki inagawana na jukwaa. Marekani sheria ya 2010 iliwawekea kikomo benki zenye mali za dola bilioni 10 kwenda juu: senti 21 na asilimia 0.05 ya muamala wa kadi ya debiti. Benki ndogo zikaachwa nje ya kikomo. Sasa unajua kwa nini nyuma ya kadi nzuri ya jukwaa kubwa kuna jina la benki ndogo usiyoijua. Ulaya tangu 2015 kikomo ni asilimia 0.2 kwa debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo, ndiyo maana kule mchezo huu hauna utamu.

#6 Pangu Pakavu

Mzee wa Kadi akianza kuchanja hakuna anayemzuia 😂

Ila hapo Ulaya umeruka kitu. Vikomo vile ni vya kadi za watu binafsi. Kadi za biashara hazimo, na mleta uzi anapewa kadi ya biashara. Utamu upo palepale.

#7 Mzee wa Kadi

Sawa Pangu, kadi za biashara hazimo. Hoja yangu ndiyo imepata nguvu, asante kwa kunisaidia.

#8 Mchuuzi wa Usiku

Shukrani wakuu. Niwape namba zenyewe. Wananipa 10,000, narudisha 11,300, wanakata asilimia 12 ya kila mauzo mpaka iishe. Hakuna riba, kuna ada moja tu isiyobadilika. Asilimia 13 si mbaya, au?

#9 Bi Mizania

Asilimia 13 kwa muda gani? Swali lote liko hapo, na bango halikwambii.

Tuseme mauzo yako yanamaliza deni kwa miezi sita. Unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo hukai na 10,000 miezi sita. Kwa wastani unakuwa umekaa na nusu yake. Umelipa 1,300 kwa kutumia kama 5,000 kwa nusu mwaka. Ukikokotoa kwa kiwango cha mwaka, marejesho yakiwa ya kila siku, inafika karibu asilimia 50. Ukimaliza kwa mwaka mzima inashuka hadi kama 25. Ukiuza vizuri ukamaliza kwa miezi mitatu inakaribia 100.

Soma hiyo ya mwisho mara mbili: kadiri biashara inavyochangamka ndivyo pesa yao inavyokuwa ghali. Na kulipa mapema hakukupunguzii chochote, kwa sababu ada ni ileile.

#10 Kiti cha Mbele

Asilimia 100?? Kalamu imedondoka.

#11 Chapa Kazi

Bi Mizania hesabu zako sina shida nazo, ila hicho kiwango cha mwaka hakinisaidii dukani. Mimi nimeshachukua hizi pesa zaidi ya mara moja. Ilikuwa kabla ya msimu, muuzaji wangu wa jumla alikuwa na mzigo wa bei ya kutupa. Nilichukua, mzigo ukaisha kabla deni halijaisha, nikabaki na faida kubwa kuliko ada. Benki ingenijibu msimu umeshapita. Ada ile nililipia muda, kiwango cha mwaka sikukijali.

Tena siku mbaya, nikiuza kidogo wanakata kidogo. Rejesho la benki halijui kama leo umeuza au hujauza.

#12 Pangu Pakavu

Chapa Kazi, faida ilikuwa yako au ya jukwaa? Asilimia 12 wanakata kwenye mauzo ghafi, si kwenye faida. Mwenye faida ya 20 kwa kila 100 anayouza akikatwa 12, amebaki na 8 za kulipia matangazo, vifungashio na tumbo lake. Mzigo unaofuata ataununulia nini? Atarudi kwenye bango. Na bango litakuwa linamsubiri, tena likiwa na kiasi kikubwa zaidi.

#13 Chapa Kazi

Faida yangu ghafi ni zaidi ya 40, mkuu. Mwenye 20 asiguse, wala sikumwambia aguse.

#14 Fundi Leja

Kuhusu kuficha kiwango cha mwaka, kuna sehemu wamebanwa. California kanuni zilianza Desemba 2022, New York Agosti 2023: anayetoa fedha kwa biashara ndogo lazima aonyeshe gharama kwa makadirio ya kiwango cha mwaka, hata kama anasema haitoi kama mkopo.

Na hapa pana ujanja wa kisheria. Nyingi ya ofa hizi kwenye karatasi si mikopo, ni ununuzi wa mauzo yako ya baadaye. Wananunua leo 11,300 za mauzo yajayo kwa bei ya 10,000. Kwa kuwa si mkopo, hakuna riba wala tarehe ya mwisho, na vikomo vya riba vya sehemu nyingi haviwahusu. Mauzo yakifa kwa bahati mbaya tu, kwa nadharia hasara ni yao. Nasema kwa nadharia. Wapo wanaoweka kiwango cha chini: PayPal Working Capital, ambao wao ni mkopo kabisa, wanataka uwe umelipa kiasi fulani kila siku 90. Wengine wanataka udhamini wako binafsi. Mchuuzi, tafuta hayo mawili kwenye mkataba kabla ya namba zote.

#15 Mteja Mkorofi

Mimi si muuzaji, napita tu. Hii ya lipa kwa awamu nne bila riba nani anailipia? Maana naitumia sana na sijawahi kuona ada.

#16 Dada wa Marejesho

Nakulipia mimi 🙂

Wewe ukichagua awamu, kampuni ya awamu (Klarna, Affirm, Afterpay na wenzao) inanilipa muuzaji bei yote karibu papo hapo, ikitoa ada yake, na ada hiyo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kadi. Usipomaliza kulipa, hasara ni yao. Wengine wanakutoza ukichelewa, soma vizuri.

Mimi nauza nguo. Nilipowasha awamu, mteja aliyekuwa ananunua gauni moja akaanza kuchukua matatu. Nikafurahi. Kisha mawili yanarudi. Na ada ya kuchakata malipo, kwa watoa huduma wengi, ukirudisha pesa ya mteja yenyewe hairudi. Kwa hiyo nalipia mauzo ambayo hayakutokea. Sijaizima bado, lakini siisifii kama mwanzo.

#17 Mteja Mkorofi

Dada pole, ila lile la kijani halikunikaa.

#18 Saa Sita Kasoro

Naleta kisa kidogo. Mwaka mmoja bidhaa yangu ilishika kasi ghafla, mauzo yakapanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Jukwaa (silitaji) likaona ni dalili ya hatari. Likaanza kushikilia sehemu ya kila malipo kama akiba ya tahadhari, wakaandika itaachiwa baada ya miezi kadhaa. Wakati huohuo nilikuwa na mtaji wao. Makato ya mtaji yaliendelea kupigwa kwenye mauzo yote, pamoja na ile sehemu waliyoishikilia wao. Kwa hiyo nadaiwa kutokana na pesa ambayo sijaipokea, na anayenidai ndiye aliyeikalia. Kuwasiliana nao ni kwa fomu. Jibu la fomu ni fomu nyingine.

Bi Mizania alisema mkono kwenye mfereji. Mimi naongeza kwamba mkono huo unajua kufunga pia.

#19 Mzee wa Kadi

Saa Sita, pole, ila hiyo akiba ina sababu yake. Mteja akilalamika benki yake irudishe pesa kwa sababu mzigo haukufika, kwa kadi za Visa ana hadi siku 120 kwa migogoro mingi. Muuzaji akishatoweka, anayelipa ni yule aliyempokelea malipo. Mauzo yakipaa ghafla, deni hilo lisiloonekana linapaa nayo.

Sasa mrudie Mchuuzi. Aliuliza kwa nini wanamwamini. Walishamwamini zamani! Kila anapolipwa leo kwa mzigo utakaofika wiki ijayo, wanabeba hatari yake. Kumpa mtaji ni kuongeza hatari juu ya hatari waliyokwisha kuipima. Siyo data peke yake wala mfereji peke yake.

#20 Bi Mizania

Akiba ya tahadhari sina ugomvi nayo. Ugomvi ni mtu mmoja kuwa mpokeaji malipo, mkopeshaji, na hakimu wa lini ulipwe. Benki ikikunyima mkopo bado utauza kesho. Hawa ukigombana nao kwenye moja, yote matatu yanatikisika.

#21 Fundi Leja

Mnaidharau data. Alipay ilianza 2004 kwa kushikilia pesa ya mnunuzi wa Taobao, soko la mtandaoni la China, mpaka mzigo ufike. Kutokana na kumbukumbu za miamala ya aina hiyo, MYbank wakafika kwenye kile wanachokiita 3-1-0: dakika tatu kujaza, sekunde moja kujibiwa, sifuri mtu anayegusa faili. Mfereji peke yake haukupi sekunde moja.

#22 Bi Mizania

Na Amazon je? Wamekopesha wauzaji wao tangu 2011, data wanayo mpaka ya mteja aliyeangalia bidhaa akaondoka. Mwaka 2024 wakaacha mikopo yao ya moja kwa moja, wakawaachia washirika wa nje. Kama data ndiyo dhahabu, mbona mwenye mgodi kaacha kuchimba?

#23 Fundi Leja

Hajaacha mgodi, amekodisha. Washirika wanaleta mtaji na kubeba hatari, yeye anabaki na wauzaji wenye mzigo wa kuuza, na kila mzigo ukiuzwa anakata kamisheni. Mikopo hukaa kwenye vitabu vya mkopeshaji na kufunga pesa yake, na riba za dunia zilikuwa zimepanda. Afadhali pesa ya mwingine ndiyo ikae.

#24 Pangu Pakavu

Kwa hiyo lengo ni kamisheni, mkopo ni chambo. Hiyo sasa ni sababu ya tano au ya sita? Nimepoteza hesabu.

#25 Mchuuzi wa Usiku

Mmenichanganya vizuri sana. Na ile akaunti? Wananiambia mauzo yakiingia kwenye akaunti yao nayapata siku hiyohiyo, benki yangu inachelewa. Nihamishie pesa zote kule?

#26 Fundi Leja

Zote, hapana. Tafuta kisa cha Synapse. Walikuwa tabaka la katikati, wakiunganisha programu za fedha na benki kadhaa Marekani. Aprili 2024 wakaomba ulinzi wa kufilisika. Leja zao, yaani hesabu za nani ana kiasi gani, na za benki zikawa haziendani. Watu zaidi ya 100,000 wakafungiwa pesa zao, na msimamizi wa mufilisi alikadiria pengo la dola milioni 65 hadi 96. Walikuwa wameambiwa amana zina bima ya serikali. Ilikuwepo, lakini bima ile inalipa benki ikianguka, na hakuna benki iliyoanguka. Aliyeanguka ni mtu wa kati.

Kabla yake, 2020, Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilikutwa na euro bilioni 1.9 ambazo hazikuwepo. Mdhibiti wa Uingereza akasimamisha tawi lake la kule kwa siku chache, na kadi za programu nyingine kabisa zilizokuwa zimejengwa juu yake zikagoma. Wenye kadi wengi hawakujua kama Wirecard ipo.

Waulize hivi: amana iko benki gani, akaunti ina jina la nani, na leja ya kila mteja inatunzwa na nani. Pesa ya mzunguko wa wiki weka huko ukipenda. Mshahara wa watu na kodi viweke kwingine.

#27 Chapa Kazi

Hapa nakubaliana na Fundi. Mtaji wao nachukua, akiba yangu siwapi.

#28 Dada wa Marejesho

Hamjaigusa bima. Kile kisanduku cha bima ya mzigo, jukwaa linapata kamisheni kwa kila anayekiweka tiki, na bima yenyewe ni ya kampuni nyingine. Kwangu imepunguza ugomvi wa vitu kuvunjika njiani. Shida ni kwamba mteja akikataliwa fidia, nyota moja ananipa mimi.

#29 Kiti cha Mbele

Daftari limejaa. Swali dogo: mtu akichukua mtaji halafu akahamia jukwaa jingine kabla hajamaliza?

#30 Pangu Pakavu

Kiti cha Mbele kumbe una mpango 😂 Mikataba mingi inakataza kuyapeleka mauzo pembeni. Ukihama ni kuvunja mkataba, na salio lote linaweza kudaiwa kwa mkupuo. Hapo ule udhamini binafsi wa Fundi ndipo unapoamka.

#31 Mchuuzi wa Usiku

Nimeufungua mkataba kama Fundi alivyosema. Udhamini binafsi haumo. Kiwango cha chini kipo, kila baada ya siku 60. Lakini kuna kipengele kinasema asilimia 12 inakatwa kwenye "jumla ya miamala iliyochakatwa". Jumla hiyo ina gharama ya usafirishaji na kodi ndani yake?

#32 Bi Mizania

Kwa maneno hayo, ndiyo. Unakatwa asilimia 12 ya kodi ambayo si yako, na mamlaka ya kodi itaitaka nzima.

#33 Chapa Kazi

Kwangu hawakati kwenye kodi.

#34 Bi Mizania

Weka kipengele hapa tukisome.

#35 Chapa Kazi

Nikifika dukani nakileta. Ila Mchuuzi, waulize pia marejesho ya wateja. Mzigo ukirudi na mteja akarudishiwa pesa, kwangu lile kato la asilimia wanalirudisha kwenye hesabu ya deni, ila si siku hiyohiyo.

#36 Dada wa Marejesho

Wanalirudisha? Ngoja kwanza nami nifungue wangu.